Shingo Iliyopinda na Kopo Lisilo na Jina

Wauguzi vijana wa wodi niliyoiacha walinipikia chakula cha kuniaga, wakanipa blanketi zito, zawadi ya watu wanaoijua baridi ya Sumbawanga. Mmoja wao, Editha, akaniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi ili wanaoanza wapate cha kusoma. Nikamuuliza angependa niandike nini. Akasema chochote, mradi kisiwe hotuba. Basi vyeo nilivyopewa na vile nilivyonyimwa naviacha huko huko maofisini. Nitaeleza nilivyofundishwa kumtazama mgonjwa, halafu nitaeleza habari ya msichana mmoja aliyepinda shingo, kwa sababu hadi leo nikiulizwa uuguzi ni kazi gani, ndiye anayenijia.

Nilianza katika wodi ya wanawake ya hospitali moja hapa mjini, nikiwa na gauni jeupe lililonibana mabegani na kiburi cha mtu aliyetoka kufaulu mitihani. Mkuu wa wodi alikuwa Sista Anjela, mwanamke mrefu wa Kinyakyusa, mwenye sauti ya chini na saa aliyoibana kifuani kwa pini. Asubuhi ya kwanza alinipeleka hadi mguuni mwa kitanda cha mama mmoja akaniuliza anaumwa nini. Nikasoma karatasi iliyoning'inia pale, nikajibu malaria.

"Sikuiuliza karatasi," akasema. "Weka mikono nyuma, usimguse, uniambie unaona nini."

Nikasimama. Mwanzoni sikuona kitu, niliona mama amelala. Baadaye nikaona midomo imekauka, nikaona pua zinapanuka kila anapovuta pumzi, nikaona mkono mmoja hautaki kuondoka ubavuni. Nikayasema hayo moja moja. Sista Anjela akasema sasa naweza kumgusa. Mama yule alikuwa na kichomi, na malaria pia, lakini karatasi ilikuwa imetaja kimoja tu. Tulifanya hivyo kila asubuhi hadi nikaanza kuwatazama hivyo hata watu wa sokoni, jambo ambalo mume wangu hakulipenda.

Kwa upande wa dawa alikuwa mkali zaidi. Hakuridhika mtu akijua dawa inatibu nini. Alikuwa akisema, "Kama hujui inaumiza vipi, bado huijui." Siku moja mama mjamzito aliyekuwa kwenye dripu ya kwinini alianza kuropoka na kurusha mikono. Ndugu zake wakaanza kulia, wakiamini malaria imempanda kichwani. Sista Anjela alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akanivuta mkono nami nimguse. Ngozi ilikuwa ya baridi na imelowa jasho. Akaniuliza kwinini hufanya nini kwa mjamzito. Nikakumbuka kwamba hushusha sukari ya damu. Tulimwita daktari, naye akakubali mara moja, ikachomwa glukosi ya mshipani. Yule mama alifumbua macho, akatutazama, kisha akauliza ni nani aliyevaa khanga yake. Alikuwa ni wifi yake.

Vifaa vilikuwa vichache. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, tukiyachemsha juu ya jiko la mafuta ya taa, na sindano zikiwa butu tulizinoa kwenye jiwe laini. Vijana mkisikia hayo mnacheka. Mgonjwa wa wakati ule hakucheka.

Baadaye nilihamishiwa kwa muda hospitali ya wagonjwa wa akili, mkoa mwingine. Nilikwenda nimenuna. Huko ndiko nilikoiona haloperidoli ikifanya kazi yake. Ni dawa nzuri kwa mtu anayesikia sauti zinazomwamuru ajiumize. Nimeona watu wakirudi kwenye akili zao na familia zao kwa dawa hiyo. Lakini kwa baadhi yao, hasa vijana, siku za mwanzo ilikuwa ikikaza misuli. Shingo hupinda, macho hugeukia juu yakabaki huko, ulimi hutoka nje. Mgonjwa mwenyewe ana fahamu zake zote, anaogopa, hawezi kusema. Ukimchoma promethazini, baada ya muda mfupi misuli hulegea kana kwamba hakuna kilichotokea. Niliyaona hayo mara nyingi hata nikaacha kushtuka.

Niliporudi Rukwa nilipangiwa kituo cha afya huku juu uwandani, barabara ya kwenda Kasesya mpakani. Zilikuwa siku zile biashara ilipofunguliwa. Kabla yake, duka la ushirika la pale kijijini lilikuwa na chumvi, viberiti na visingizio. Sasa yakaota maduka binafsi, na malori kutoka upande wa Zambia yakawa yanashusha kila kitu: sabuni, betri, mitumba, sufuria, na dawa. Dawa zilipangwa kwenye rafu moja na biskuti. Watu walifurahi, nami siwalaumu, maana kituoni kwetu sanduku la dawa lililoletwa mwanzo wa mwezi lilikuwa tupu kabla mwezi haujafika katikati. Mtu mwenye mtoto anayetapika angekwenda wapi?

Pale kituoni tulikuwa na tabibu aitwaye Joakimu, mtu wa Nkasi, mtulivu, aliyependa kufikiri huku akisugua miwani yake kwa ncha ya koti. Tulielewana vizuri. Alikuwa na tabia ya kuuliza, na mimi nilikuwa na tabia ya kutazama.

Asubuhi moja ya kipupwe, upepo ukipuliza vumbi la barabara, ulifika mkokoteni wa ng'ombe. Ulikuwa umemleta msichana aitwaye Nyamizi, wa familia ya wafugaji waliohamia huku kutoka Usukumani. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa akitembea pembeni ya ng'ombe. Mama yake alikuwa ndani ya mkokoteni, amempakata binti kichwa. Posa ya Nyamizi ilikuwa imekwisha kupokewa. Alikuwa aolewe baada ya mavuno.

Shingo yake ilikuwa imepindia kushoto hadi kidevu kikawa juu ya bega. Macho yalikuwa yametazama juu, weupe tu ndio uliobaki. Ulimi ulitoka, ukarudi, ukatoka tena. Mate yalimchuruzika, na kila mara koo lilikoroma kana kwamba kuna mkono unaolibana.

Joakimu aliinama, akamtazama taya, akasema kwa sauti ya chini kwamba anahofia pepopunda. Hakukosea kuhofia. Shingo imekaza, mgongo umeanza kupinda, na familia ya wafugaji wenye kukanyaga samadi kila siku. Mimi pia ningeanzia hapo. Pepopunda maana yake ilikuwa kumweka chumba cha giza, kumtafutia dawa ambayo hatukuwa nayo, na kumsafirisha mjini kwenye barabara ambayo ingemwua kabla ya kufika.

Nikaweka mikono nyuma. Jambo la kwanza nililoliona ni ule ulimi. Mwenye pepopunda meno yake huumana, kinywa hakifunguki, na huyu kinywa kilikuwa wazi. Nikapiga makofi karibu na sikio lake. Mwenye pepopunda angeruka mwili mzima, kwa sababu sauti na mguso humkaza zaidi. Nyamizi hakukaza zaidi. Chozi tu lilimtoka. Nikamwambia aninyoshee kidole kama ananisikia. Akaninyoshea. Homa hakuwa nayo, na hakuwa na kidonda mwilini. Nikamwambia Joakimu nilikwisha kuona shingo kama hii, na nilikoiona, na iliyokuwa ikiisababisha.

"Hiyo dawa hapa imetoka wapi?" akauliza. "Sisi hatuna."

Ndipo nikamgeukia mama mtu. Nilimwuliza Nyamizi amekula nini, amekunywa nini, amepewa dawa gani. Mama alitazama upande wa mumewe kwanza. Kisha akasema hakupewa dawa ya maana, ni vidonge vya kuzuia kutapika tu kutoka dukani, tangu juzi, kwa sababu tumbo lilikuwa likimsumbua. Tena akasema haraka, kama mtu anayetaka kuutua mzigo, kwamba ugonjwa huu si wa hospitali. Aliyeuleta anajulikana. Ni Kabula, mjane wa kaka yake Masanja, anayekaa nyumba ya pembeni na macho yake mekundu. Ndiye aliyempa Nyamizi maziwa ya mgando usiku kabla ya shingo kupinda. Vijana wa ukoo walikuwa wamekwisha kukusanyika nyumbani kwake. Mkokoteni ungepita hapa kituoni kisha uteremke bondeni kwa mganga, nao vijana walikuwa wanasubiri neno lake mganga.

Mzee Masanja aliitazama barabara.

Nilielewa hapo kwamba nina wagonjwa wawili, na mmoja wao sijamwona. Nikamwambia Joakimu naomba tumchome promethazini, na kama nimekosea haitamdhuru kwa kipimo hicho zaidi ya kumpa usingizi. Alisugua miwani yake. Akaniuliza kama ikiwa ni pepopunda tutakuwa tumepoteza nini. Nikasema muda kidogo. Akaiandika, nami nikaichoma, na akaniambia nikae karibu naye nisimwache hata kidogo, kwa sababu ya lile koo. Hayo ndiyo maneno ya tabibu ninayempenda.

Nilikaa naye, nikamlaza ubavu ili mate yatoke, nikahesabu pumzi zake. Mama yake alikuwa akisali kwa Kisukuma. Sikuona kitu kwa kitambo. Halafu macho yakashuka. Yalishuka polepole, yakanipata, yakatulia. Shingo ikafuata. Nyamizi akameza mate, akarudisha ulimi, akasema anataka maji.

Mama yake aliangua kilio. Mzee Masanja alikaa chini pale pale mlangoni, akafunika uso kwa kofia.

Kazi ilikuwa bado. Nikawaambia kwa lugha rahisi kwamba vile vidonge ndivyo vilivyomkaza, na kwamba shingo inaweza kupinda tena kwa kuwa dawa bado imo mwilini, na ikipinda tutaitibu tena. Baba mtu akaniuliza swali ambalo lilikuwa la haki kabisa. Alisema, watu wangapi wanakula vidonge vya dukani na shingo zao zimenyooka? Vijana nyumbani watamwuliza hivyo hivyo. Watasema nesi amefukuza uchawi kwa sindano, na mchawi bado yupo.

Nikakumbuka kwamba wiki iliyotangulia kuli mmoja wa malori aliletwa na wenzake, macho yakiwa juu, akapona mwenyewe tukiwa bado tunamwuliza jina, wakaondoka naye. Nikamwachia Joakimu msichana, nikavaa sweta, nikaenda dukani kwa miguu.

Duka lilikuwa la Bwana Ferdinandi, ambaye zamani alikuwa karani wa lile duka la ushirika. Lilipofungwa alianza na sabuni na chumvi, akaongeza dawa. Alikuwa mtu mwema, mzee wa kanisa, anayekopesha wajane. Nilimwomba anionyeshe vidonge vya kuzuia kutapika. Akashusha kopo kubwa la plastiki, jeupe, lisilo na karatasi wala jina. Lilikuwa limevuka mpaka likiwa hivyo hivyo. Aliyemuuzia kwa jumla alimwambia ni ya kutuliza tumbo na kuleta usingizi. Vidonge vilikuwa vidogo, vyeupe, havina alama. Nikamwuliza kama kuli wa lori alinunua. Akafikiri, akasema ndiyo, kwa ajili ya usingizi. Na wengine? Kulikuwa na mwanamke mmoja jirani yake aliyekazwa taya, ikasemekana ni pepo.

Nilipomweleza habari ya Nyamizi alikaa juu ya gunia la chumvi. Alisema angelitupa kopo lile chooni sasa hivi. Nikasema hapana, lipelekwe kwa mfamasia wa mkoa likapimwe. Na kabla ya hapo nilimtaka aje nami kwa Masanja, aseme mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyeuza.

"Sista, wataniua mimi," akasema.

"Wanaweza kukupiga," nikamjibu. "Yule mama wamekusudia kumwua. Na yeye hakuuza kitu."

Nje watu walikuwa wakipita na baiskeli zao. Hatimaye alifunga duka, akalibeba kopo kwapani, tukaongozana. Sikumwambia asante. Nilikuwa na hakika nikisema neno lolote atageuka.

Tulikwenda na Mzee Masanja mbele, mkokoteni nyuma, Nyamizi ameketi wima ndani yake na shingo yake nyoofu ili kila mtu aione. Joakimu alikuja pia. Aliweka mlinzi kituoni na akasema atatembea upande wa Ferdinandi. Nilichukua sindano nyingine iliyojazwa tayari.

Nyumbani kwa Masanja vijana walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa zizi. Mlango wa Kabula ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kijiti. Mzee Masanja alikwenda akakichomoa kijiti kile, kisha akasimama mlangoni na mgongo wake kwenye mlango. Hapo ndipo nilipomheshimu.

Ferdinandi alizungumza. Aliyasema yote: kopo, vidonge, kuli, mwanamke wa jirani. Kijana mmoja aliuliza kwa nini basi yeye mwenyewe asipigwe. Joakimu akajibu kwamba Ferdinandi kaja kwa miguu yake, na mtu akipigwa kwa kusema kweli, siku nyingine hakuna atakayesema. Kijana hakuridhika. Walikuwa bado wananong'onezana pale shingo ya Nyamizi ilipoanza kupinda tena.

Mama yake alipiga ukelele. Vijana walisimama, wakautazama ule mlango. Mimi nikawaambia wasogee karibu wote, wamzunguke, watazame kwa macho yao. Nikawaambia kabla ya kuchoma kitakachotokea: macho yatashuka kwanza, kisha shingo, kisha atameza mate. Nikachoma. Tulisimama pale kwenye upepo, watu wazima kwa vijana, tukiutazama uso wa msichana. Ilitokea kwa mpangilio ule ule niliousema. Yule kijana aliyekuwa akiuliza alivua kofia yake. Hakuna aliyeomba radhi. Walitawanyika mmoja mmoja, wengine wakakumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajanyweshwa.

Nyamizi tulimrudisha kituoni hadi dawa ikaisha mwilini. Aliolewa baada ya mavuno kama ilivyopangwa, na nilikula wali kwenye arusi yake. Kopo lilipelekwa mjini. Majibu yalichukua muda mrefu kurudi, lakini yalirudi: haloperidoli. Ferdinandi aliacha kuuza dawa isiyo na jina, na kwa muda aliacha kuuza dawa zozote. Alipoanza tena alikuwa akija kituoni kutuuliza, na mimi nilikuwa nikienda dukani kuangalia rafu zake hata asiponialika.

Bibi Kabula hakukaa. Watu walimsalimia kama zamani, wakampelekea hata maziwa, lakini alisema hawezi kulala nyumba ambayo mlango wake umewahi kufungwa kwa nje. Alihamia kijiji cha Mollo kwa binti yake, wakalima maharage. Siku aliyoondoka alipita kituoni na furushi lake kichwani, akalitua chini. Nikampa shikamoo. Aliitikia, kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya kazi hakuna mgonjwa aliyekuwa ameniuliza kwa uzito ule.

"Ile dawa inaitwaje?"

Nikamwambia. Akajaribu kulitamka, likamshinda. Nikalikatakata vipande, naye akavirudia kimoja kimoja akiwa amefumba macho yake mekundu ya moshi, hadi likatoka zima. Alisema huko aendako hawamjui, na siku moja kuna mtoto ataugua. Anataka awe na la kusema.

Tangu siku hiyo sikumkabidhi mtu yeyote vidonge bila kumwambia jina la dawa na kumfanya alirudie kwa kinywa chake. Wengi walicheka, wengine walikasirika kwamba nawachelewesha, na foleni yangu ilikuwa ndefu kuliko ya wenzangu. Niliacha iwe ndefu.